Konea inayokonda: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

"Ni vumbi tu, fikicha litoke." Kauli hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Upepo wa kiangazi Dodoma unawajua wenye aleji ya macho: mwasho kutwa, na mtoto anafikicha kwa ngumi. Konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, katikati ina unene wa takribani nusu milimita tu. Kuifikicha kila siku huchangia keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda, ikachongoka kama pia, na taa za usiku zikaonekana zimetapakaa. Mara nyingi huanza wakati wa balehe. Kumkanya mtoto peke yake hakutoshi. Mwasho wenyewe utibiwe. Ila tafadhali, msimnunulie kiholela dukani matone ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho: yakitumika muda mrefu bila daktari huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

"Hivyo ni vikope." Wilaya ya Kongwa imesumbuliwa na vikope miaka mingi, basi kila jicho linalosumbua hupewa jina hilo. Vikope huletwa na bakteria na huambukiza. Keratokonasi haiambukizi, wala antibayotiki haiizuii.

"Miwani imemharibu." Hapana. Namba ya miwani ikibadilikabadilika kwa kijana, hasa ile ya astigmatizimu (mviringo wa konea usio sawa pande zote, unaofanya vitu vionekane na ukungu), aombewe kipimo cha ramani ya konea.

"Akipigwa mwanga ataona kama zamani." Hapa wengi huvunjika moyo bure. Katika tiba iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, jicho hudondoshewa vitamini B2 kwa dakika kama 30, kisha humulikwa mwanga wa urujuanimno. Nyuzi za konea hushikana zikakakamaa. Lengo ni kuuzuia ugonjwa usiendelee. Wachache huona nafuu kidogo, wengi bado watahitaji miwani au lenzi. Ndiyo maana kusubiri hadi kijana ashindwe kusoma ubaoni ni hasara: kilichokwisha kupotea kwa kawaida hakirudi. Na kumeza vidonge vya vitamini kisha kuota jua si tiba hiyo.

"Mwisho ni kung'olewa jicho." La. Wengi huona vizuri kwa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Wachache hupandikizwa konea, na hapo hubadilishwa konea tu, si jicho zima. Upasuaji huo ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905.

"Basi apigwe leza aachane na miwani." Leza hiyo hupunguza unene wa konea. Kwa mgonjwa huyu ni hatari.