Presha, mazoezi na pigo "linaloruka"

"Daktari, nikikimbia moyo unaruka pigo." Wagonjwa wangu wa presha huniambia hivyo mara nyingi, na baadhi wameshaacha mazoezi kwa hofu. Kwa kawaida hakuna pigo lililoruka. Moja limewahi kabla ya zamu yake, moyo ukatulia kidogo, kisha lililofuata likaja kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho unachokisikia kifuani.

Presha isiyodhibitiwa kwa miaka mingi huunenepesha ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Msuli hukakamaa, makovu membamba hupenya kati ya nyuzi zake, na chumba cha juu cha kushoto hutanuka. Umeme wa moyo, uliozoea njia laini, sasa unapita kwenye vizuizi. Ukiongeza adrenalini ya mazoezi, mapigo ya ziada si ajabu.

Ninapompima mtu kwenye mashine ya kukimbilia, macho yangu huwa kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hasa baada ya mashine kusimama. Katika dakika ya kwanza ya kupumzika mapigo yanatakiwa kushuka kwa zaidi ya 12. Yakigoma kushuka, nauliza maswali zaidi. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mapigo ya ziada ya ventrikali yanayojitokeza kwa wingi wakati wa kupumzika yanaashiria hatari kubwa kuliko yale ya katikati ya mazoezi. Kwa hiyo usikatishe zoezi ghafla. Tembea taratibu dakika kadhaa.

Dawa nazo zina mkono wake. Zile za kukojoza zinaweza kupunguza potasiamu, na potasiamu ikipungua moyo huwa mwepesi kuchokozeka. Nimeona tatizo likiisha kwa kurekebisha hilo tu. Atenolol na jamaa zake, dawa za presha za kundi la beta-blocker, huzuia mapigo kupanda, hivyo ile hesabu ya 220 ukitoa umri, inayokadiria kikomo cha mapigo yako kwa dakika, haikufai. Pima kwa pumzi: uweze kuzungumza, usiweze kuimba.

Yanayonitia wasiwasi ni mengine: kuzimia ukiwa mazoezini, maumivu ya kifua, au mapigo yasiyo na mpangilio wowote. Hayo ya mwisho huenda ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kupiga sawasawa. Damu hutuama katika chumba cha juu, huganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Mashine ya presha ya nyumbani nayo hubabaika hapo, kwa hiyo pima mara tatu uchukue wastani, kisha njoo tukufanyie ECG.