Positive ya nini? Neno moja, maana nyingi kwenye cheti cha majibu

Kwenye dirisha la maabara, swali tunaloulizwa mno ni fupi: "Ni positive au negative?" Anayeuliza mara nyingi ana VVU kichwani, hata kama damu yake ilichukuliwa kwa ajili ya malaria. Mtaani siku hizi ukisema "fulani yuko positive" hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Ndiyo sababu wapo kina mama wajawazito wanaosoma kundi lao la damu, "O positive", kwenye kadi ya kliniki wakaishiwa nguvu palepale benchini, kabla muuguzi hajawaita.

Majibu yetu bado yanaandikwa kwa Kiingereza, na neno hili lina historia ndefu kuliko maabara yenyewe. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini ponere, yaani kuweka. Wanasheria hadi leo huita positive law ile sheria iliyowekwa na binadamu, kuitofautisha na haki ya asili. Mwaka 1747 Mmarekani Benjamin Franklin alilitumia kwenye umeme, akidhani umeme ni kama kimiminika kinachozidi upande mmoja, akauita positive, na kupungua upande wa pili, akauita negative. Alibahatisha, na bahati haikuwa yake: J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897, chembe hiyo inayotembea kwenye waya ikaangukia upande wa negative. Alama hazikubadilishwa, na betri ya tochi yako inazo mpaka sasa. Maana ya "mtazamo chanya", ya kutazama mambo kwa matumaini, ilikuja baadaye sana, na kwa maoni yangu ndiyo iliyotuvurugia zaidi, kwa sababu inamfanya mtu adhani neno lina uzuri au ubaya ndani yake.

Maabarani, positive ina kazi moja tu: kile kilichokuwa kikitafutwa kimeonekana. Basi usipojua kilichotafutwa, neno hilo halijakuambia chochote.

Tuanze na ile O positive. O ni kundi; kinachotafutwa kwenye positive ni antijeni D, alama iliyo juu ya chembe nyekundu za damu, ile inayofupishwa Rh kwa jina la nyani aina ya rhesus, waliotumika katika utafiti wa Karl Landsteiner na Alexander Wiener uliochapishwa mwaka 1940. Zaidi ya Waafrika 9 kati ya 10 wanayo. Ni urithi kutoka kwa wazazi, hauambukizi, hautibiwi. Anayehitaji kufuatiliwa hapa ni mama aliye negative. Akibeba mtoto aliye Rh positive, damu ya mtoto ikaingia kwake, kwa kawaida wakati wa kujifungua, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya antijeni hiyo. Mimba hiyo ya kwanza mara nyingi hupita salama. Zinazofuata ndizo zenye hatari, kwa kuwa kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma na kuvunja damu ya mtoto. Kinga yake ni sindano ya anti-D, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 ya ujauzito na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye Rh positive. Mama mwenye Rh negative asiondoke kliniki bila kuiuliza.

Kuna negative nyingine ya kuangalia vizuri. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alieleza namna ya kupaka bakteria rangi ili waonekane kwenye hadubini. Wenye ukuta mnene hubaki na rangi ya zambarau, wakaitwa Gram positive. Wenye ukuta mwembamba huipoteza na kuchukua rangi ya waridi, wakaitwa Gram negative. Sasa, bakteria wa kisonono ni Gram negative. Kijana anaweza kupewa cheti cha kipimo cha usaha kilichoandikwa Gram negative diplococci (bakteria wa mviringo wanaokaa wawili wawili), akaliona neno negative, akakikunja na kwenda zake akishukuru Mungu, kumbe cheti hicho kinamwambia arudi kwa daktari akatibiwe, yeye na mwenzi wake.

Hata kilichotafutwa kikionekana, bado kuna swali la kinamaanisha nini kwa mgonjwa huyu. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa kumaliza kazi, ndiyo maana hatukitumii kuthibitisha kupona. Mtoto wa chini ya miezi 18 aliyezaliwa na mama mwenye VVU anaweza kuonekana positive kwenye kipimo cha kingamwili kwa sababu amebeba kingamwili za mama yake. Huyo hupimwa kwa PCR, inayotafuta virusi vyenyewe. Widal ya taifodi, kipimo kinachopendwa mno huku kwetu, huweza kuonyesha maambukizi ya zamani, au hata ya bakteria wengine. Binafsi singependa mtu aanzishiwe dawa kwa Widal moja peke yake.

Halafu kuna hesabu ambayo huwashangaza hata wasomi. Chukua mfano wa watu 10,000, wenye ugonjwa wakiwa 100. Kipimo kinapatia kwa asilimia 99, kwa wagonjwa na kwa wazima. Kati ya wale 100 kitawakamata 99. Kati ya wazima 9,900 kitakosea kwa 99. Watakaosomeka positive ni 198, na nusu yao hawaumwi! Kipimo hakina kasoro; ugonjwa ni adimu tu katika kundi lililopimwa.

Kwa sababu hiyo jibu la kwanza la VVU haliandikwi positive moja kwa moja. Kipimo cha kwanza kikionyesha mistari miwili tunasema kimeitikia, kisha tunapima kwa kipimo cha aina nyingine. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu mfululizo viitikie ndipo mtu aambiwe ana maambukizi. Ukiona mtaalamu anakuchoma kidole mara ya pili, mvumilie, na umuulize kila kipimo kinatafuta nini.