Metathesi ya Alkini: Dhana Potofu Zinazoua Miradi

Metathesi ni mmenyuko ambapo molekuli mbili hubadilishana vipande: alkeni kwenye bondi zao mbili za kaboni, alkini kwenye bondi zao tatu.

Dhana: Kabeni ya Grubbs (kichocheo cha rutheni cha metathesi ya alkeni) ikirekebishwa ligandi, yaani vikundi vilivyoshikamana na metali, alkini nazo zitabadilishana.

Hili nalisikia kila muhula, hata kwa wanafunzi wa uzamili. Alkeni zinabadilishana, basi wanadhani alkini zitafuata. Nawasihi, chora mzunguko wa kichocheo kwanza kabla ya kuagiza rutheni!

Kabeni ina bondi mbili kati ya metali na kaboni. Ikikutana na alkini, hufanya metalasiklobuteni, pete ya atomi nne yenye metali ndani. Pete hiyo ikifunguka, bondi tatu imekwisha kupotea, na kinachobaki ni kabeni mpya yenye vinili, yaani kipande chenye bondi mbili. Ikipokea alkini nyingine na nyingine, unapata poliasetileni. Ikikuta alkeni, unapata dieni. Ni mimenyuko yenye manufaa, ila hakuna alkini iliyobadilishana na mwenziwe. Ligandi yoyote utakayoweka haiondoi kasoro hii, kwa sababu imo kwenye mzunguko wenyewe.

Kinachohitajika ni kabaini: metali na kaboni kwa bondi tatu. Hiyo hufanya metalasiklobutadieni, pete inayoweza kufunguka upande wowote na kurudisha bondi tatu. Mkemia Katz alipendekeza njia hii mwaka 1975, na mwaka 1981 Schrock na wenzake wakaonyesha kabaini za wolframu zikiifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo ligandi zinapokuwa na maana. Kundi la Fürstner kule Mülheim, Ujerumani, lilichagua molibdeni yenye silanoleti (ligandi za silikoni na oksijeni) za fenili tatu. Pembe kati ya silikoni, oksijeni na metali hupanuka na kubana, hivyo ligandi hutoa elektroni kwa kadiri metali inavyohitaji katika kila hatua, na unene wa fenili huzuia kabaini mbili zisigongane na kuharibika. Ukitaka kubuni kichocheo, anzia hapo.

Dhana: Bila sanduku la glovu (sanduku lililofungwa lisilo na hewa ya kawaida) haiwezekani.

Kabaini hizo zikifungwa na fenanthrolini, ligandi inayozilinda, hupimwa mezani, hewani. Ukizipasha moto kwenye tolueni pamoja na kloridi ya manganisi, kichocheo huachiliwa. Mmenyuko wenyewe ufanye chini ya argoni.

Dhana: Alkini yenye hidrojeni nchani ni bora kwa kuwa ni ndogo.

Kwa vichocheo vingi ni sumu: pete hupoteza hidrojeni hiyo na kichocheo hufa. Vipo vichache vinavyoistahimili, lakini weka methili tu mahali pa hidrojeni hiyo. Zao la pembeni litakuwa 2-butini, inayochemka kwenye nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Tia machujio ya molekuli ya angstromu 5, ya unga, yaliyokaushwa kwa joto chini ya ombwe, yatainasa. Machujio yaliyokaa wazi kabatini usiyaguse.

Dhana: Metathesi ya alkeni inatosha kufunga pete kubwa.

Mara nyingi hutoa mchanganyiko wa E na Z (maumbo mawili ya bondi mbili), kisha unahangaika kuzitenganisha. Funga pete kwa alkini, halafu tumia hidrojeni na kichocheo cha Lindlar (paladi iliyopunguzwa nguvu) upate Z. Epothiloni C, kampaundi asilia yenye pete kubwa, ilitengenezwa hivyo.