Ghuba si nchi

Juzi kwenye daladala redio ilikuwa wazi, mtangazaji akasema kijana fulani "amerudi kutoka Ghuba". Mwenzake akamtania: ghuba ipi? Akajibiwa, "Kwani ziko ngapi? Ghuba si Uarabuni!" Abiria wakacheka. Mimi nikavumilia mpaka kituoni.

Ghuba ni bahari iliyoingia kwenye ukingo wake ikafanya kama kifuko chenye mdomo mpana. Ikiingia nyembamba kama kidole, hiyo ni hori. Basi.

Maneno yote mawili tumeyachukua kwa Waarabu. Hori ni khor, ile ya Khor Fakkan, mji wa bandari huko Falme za Kiarabu. Ghuba ni ghubba, na huko Oman neno hilo bado liko kwenye ramani: Ghubbat Hashish, karibu na kisiwa cha Masirah. Sasa kichekesho: ile ghuba ya mtangazaji, wenyewe Waarabu hawaiiti ghubba. Wanaiita Khalij. "Nchi za Ghuba" tumezibatiza sisi, kisha "nchi za" ikadondoka njiani, watu wakabaki wakidhani ghuba ni mahali pa kwenda kutafuta kazi.

Nimesema "ukingo" kwa makusudi, sikusema "nchi kavu" kama tulivyokaririshwa darasani. Ilikuwepo ghuba moja huko Antaktika, kwenye Bahari ya Ross, ambayo kuta zake hazikuwa nchi kavu hata kidogo. Zilikuwa barafu inayoelea. Mwaka 1902 mvumbuzi Mwingereza Robert Scott alikuta pale kihori tu, akarusha puto apate kutazama kwa juu. Januari 1908 Ernest Shackleton, aliyekuwa kwenye msafara wa Scott, akarudi akitegemea kihori kilekile awekee kambi, asikione: ukingo ulikuwa umemegeka, pamekuwa ghuba pana iliyojaa nyangumi. Akaiita Ghuba ya Nyangumi, akaondoka zake, maana barafu iliyomegeka jana itamegeka na kesho.

Mnorwei Roald Amundsen akaona vingine. Alipiga hesabu kwamba barafu ile lazima imeegemea kitu chini. Januari 1911 akajenga nyumba yake juu yake, na tarehe 14 Desemba mwaka huohuo akasimama kwenye Ncha ya Kusini. Hesabu haikuwa mbaya. Miaka ya 1930 msafara wa Mmarekani Richard Byrd ulikuta nyuma ya ghuba kuna kisiwa kizima kilichofunikwa, kikaitwa Roosevelt. Bamba la barafu likisukumwa kuelekea baharini hugawanyika kukizunguka, na palipogawanyika ndipo penye mwanya uliofanya ghuba.

Barafu hiyo haikutulia, kwa hiyo kila aliyeichora ghuba aliichora tofauti, na hakuna aliyekosea. Mwaka 1987 likamegeka pande moja la barafu, likapewa jina B-9, urefu kilomita 154 na upana kama 35, karibu mara mbili ya urefu wa Unguja. Ghuba ikaondoka nalo. Haikuyeyuka, kama wengine wanavyopenda kusimulia. Kuta zake ndizo zilizoondoka, na kifuko bila kuta ni bahari tu. Jina ndilo lililobaki.

Yule mtangazaji simlaumu sana. Aseme tu "nchi za Ghuba", na yule kijana tutajua karudi kutoka wapi. Akiliacha lile "nchi za", mimi namwona kijana kakanyaga maji.