Neno "mzalendo" lilivyonikwamisha darasani

Mara ya kwanza kupokea darasani kwangu watangazaji wa redio jamii kutoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, niliona nimepata mteremko. Lugha ni moja, hakuna mkalimani, vitini ni vilevile. Ukumbi tunaotumia uko Sinza, karibu na kituo cha Kwa Remmy, na wageni walifurahi kusikia konda akiliita jina la mtu wao. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akaja kupiga muziki Dar mwaka 1978, na kituo kikabaki naye.

Mteremko uliishia saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika ubaoni sentensi ya mfano: "Wazalendo wamejitokeza kusafisha soko." Kimya. Kisha kicheko. Dada mmoja kutoka upande wa Fizi ndiye aliyenionea huruma: "Mwalimu, kwetu ukisema Wazalendo, batu banawaza bunduki."

Kwetu mzalendo ni mtu anayeipenda nchi yake. Kwao, tangu waasi wa M23 warudi vitani, Wazalendo ni vikundi vya wapiganaji walio upande wa jeshi la serikali. Habari yangu ya mafagio, ikisomwa hewani kule, ingelifunga soko lenyewe.

Tangu hapo siku mbili za mwanzo ni za maneno tu. Vifaa nimevipa nusu siku, maana wao ndio wanaonifundisha jinsi ya kubaki hewani kwa paneli za sola na betri za gari. Tunachukua sentensi moja na kuihoji kama polisi wa zamu. "Watu wa kabila fulani wameiba ng'ombe 12." Nani kasema? Mwenye ng'ombe. Aliwaona? Aliona nyayo. Nyayo zina kabila? Tunaishia na: "Mfugaji mmoja anasema ng'ombe wake 12 wameibwa usiku. Walioiba hawajajulikana." Daima kuna mmoja analalamika kwamba habari imepoa. Imepoa kweli, na mimi ndivyo ninavyoitaka.

Ila sifundishi kuficha. Wauaji wakiwachagua watu kwa kabila, kulinyamazia kabila ni uongo mwingine. Hapo tunabishana mpaka chai inapoa.

RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, huja yenyewe darasani, siitafuti. Ilianza kutangaza Julai 1993, na Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ikawatia hatiani waasisi wake wawili. Wengi wanadhani ilikuwa ni kufoka tu kutwa kucha. La, ilipendwa kwa muziki, utani na soga za kirafiki. Ndiyo maana mtangazaji anayefoka hanitishi sana. Ninayemwangalia mara mbili ni yule anayechekesha.

Barua za ufadhili husema wanatoka "nchi inayojikwamua baada ya vita". Wenyewe huuliza ni baada ya vita vipi, na mapema 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, sikuwa na jibu.

Pesa ndiyo mada ninayoiogopa. Vituo vyao vingi vinaishi kwa matangazo ya misiba, harusi na mbuzi waliopotea, na mtangazaji anaweza kumaliza miezi bila mshahara. Shirika likimwita semina na kumpa nauli, anajua habari imeshanunuliwa. Wao wanaiita kwa Kifaransa, coupage. Sisi wa Dar tusiwacheke, tunayo bahasha. Zamani nilikuwa nawaambia wakatae. Nimeacha, kwa sababu mimi nilikuwa nasema hivyo nikiwa na posho yangu mfukoni. Sasa ninaomba jambo moja: msikilizaji aambiwe hewani nani kalipia safari. Wenzangu wa taaluma wananilaumu kwa hili, na sijaona wao wanapendekeza nini.

Wiki tatu baada ya darasa la mwisho yule dada wa Fizi alinitumia taarifa yake kwa WhatsApp, dakika mbili na nusu, jogoo anawika nyuma. Ugomvi wa shamba. Kauliza pande zote mbili, kabila hakulitaja, Wazalendo hakuwagusa. Halafu mwishoni akasema "wenyeji wanadai".

Kule neno wenyeji linawatenga wengine kuwa wakuja, na watu wameuawa kwa hilo. Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika tena: "Dada, hongera. Nikuulize kitu, wenyeji ni nani?"

Tiki mbili za buluu. Bado hajajibu.