Kabla hujamwalika mkwe chomboni, tazama mwezi

Ninaishi chomboni, kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Ni mashua ya tanga ya mita 11, na kazi yangu ni unahodha na kutunza vyombo vya watu vilivyotia nanga hapa. Ndugu wakitaka kuja kulala, usiwapangie siku kwa kalenda ya ukutani. Wapangie kwa mwezi mwandamo.

Somo hilo nililipata kwa mama mkwe wangu. Alitoka Kakamega, akasafiri usiku kucha, akashuka Kilifi saa 4 asubuhi. Ilikuwa siku ya 15 ya mwezi mwandamo. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga ambapo maji hujaa na kupwa sana, maji ya huku hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Nilikuta dingi, kijimashua cha kuvushia watu hadi chomboni, imekaa juu ya tope, na baina yetu na maji kuna hatua kama 50 za matope ya mikoko. Mama wa miaka 68, na viatu vyake vya kanisani. Tulikaa chini ya mti hadi saa 8, na aibu ile sijaisahau.

Maji mafu ndiyo siku za wageni. Siku ya 8 au 9 ya mwezi mwandamo, na ya 22 hadi 24, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 1 tu, na hujaa asubuhi, saa ile ile ambayo wasafiri wa usiku wanafika. Kila siku inayofuata sogeza mbele saa ya kujaa kwa kama dakika 50.

Kupanda dingi ndipo watu huanguka. Jaketi okozi livaliwe ufukweni, si ndani ya dingi. Mguu wa kwanza ukanyage katikati, kisha mtu akae papo hapo. Mizigo apewe mwingine. Mzee usimvute mkono. Mpe bega lako alishike mwenyewe, atajua lini yuko tayari.

Choo kinahitaji maelezo kabla ya chai. Changu ni cha pampu ya mkono: fungua vali, piga pampu mara 15, funga vali. Karatasi huenda kwenye ndoo yenye kifuniko. Kumweleza mkwe mambo haya sikuweza, wala haikunipasa. Mke wangu aliingia naye, akamwonyesha, akamwachia kopo la maji ya kutawadha. Maji yenyewe tuna lita 300. Watu wanne wasiozoea huyamaliza kwa siku tatu, kwa hiyo mimi hujaza madumu mawili ya akiba na kuyaweka tezi, nyuma ya chombo. Mgeni simhesabii vikombe.

Kulala kulikuwa kugumu zaidi. Kwao mkwe na mume wa binti hawalali chini ya paa moja, na chomboni kati ya kitanda na kitanda ni mita 3 na ubao mwembamba. Nilifunga turubali juu ya foromali, ule mti unaoshika tanga, nikalala nje sitahani siku zote nne. Chombo ni kidogo, ila heshima yake haipungui, na ningefanya hivyo hata mvua ikinyesha.

Usiku wa kwanza, maji yalipogeuka, mnyororo wa nanga ulikwaruza na chombo kikazunguka. Alfajiri mama mkwe aliamka akaona dirisha lake, ambalo alipolala lilitazama mji, sasa linatazama Mnarani, ng'ambo ya pili. Alimwita binti yake kwa sauti ya hofu: tumechukuliwa! Sasa mimi huwaeleza wageni wote jioni ile ile, tena nawapeleka omo, mbele ya chombo, waushike mnyororo kwa mkono wausikie ukikaza.

Juzi alipiga simu, anataka kurudi na wajukuu. Akauliza kwanza, mwanangu, mwezi ni wa ngapi? Nikamwambia ni wa 12, angoje siku 10.