Je, wajua kwa nini kabati la bibi hushuka bei likipigwa msasa?

Wiki chache zilizopita niliitwa Ilala kutazama kabati la wavu. Kijana aliyenipigia simu alitaka kujua liuzwe vipi, nami kazi ya kukagua samani za zamani naipenda kuliko kazi nyingine yoyote, nikaenda siku hiyohiyo. Lilikuwa moja ya yale makabati ya chakula ya enzi ambazo friji ilikuwa ya wachache: fremu ya mbao, milango miwili yenye wavu laini wa chuma badala ya kioo, rafu tatu ndani. Hewa inapita, inzi hapiti. Nilipoinama nikaona miguu yote minne ina mstari mweusi, kiasi cha vidole vitatu kutoka sakafuni, na chini ya mstari huo mbao imepauka.

"Shikamoo bibi. Hii alama ya chini ni ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Hapo palikuwa na makopo. Kila mguu na kopo lake. Unatia maji, unadondoshea na mafuta ya taa kidogo. Sisimizi akija, mwisho wake hapo."

Mjukuu wake, yule kijana aliyenipigia simu, alikuwa amesimama mlangoni, karatasi za msasa mkono mmoja, kopo la vanishi mkono wa pili. Alitaka kulisafisha kabla mnunuzi hajafika, na pa kuanzia alikuwa ameshapachagua: pale pale penye mstari. Nikamwomba aache. Alinishangaa, na haki alikuwa nayo, maana mtu akiuza gari hulipeleka kuoshwa kwanza. Sasa kabati lina nini?

Jibu linaanzia kwenye mbao yenyewe. Mvule ukipasuliwa leo una rangi ya manjano. Ukikaa miaka kwenye mwanga na hewa hugeuka kahawia, kisha kahawia iliyokolea. Msaji nao hubadilika, hata mninga hautakuwa na sura ile uliyotoka nayo kwenye randa. Lakini rangi hiyo ya uzee haizami ndani. Imekaa juu juu tu, tabaka jembamba mno, na msasa ukipita mara chache umelimaliza. Chini yake hutokea mbao yenye sura ya juzi. Kabati lililokaa miaka sitini jikoni linaanza kufanana na lililotoka kwa mafundi samani wa Keko wiki iliyopita, na hapo mnunuzi hana sababu ya kutoa zaidi ya bei ya Keko. Tena msasa haukwangui sawasawa. Katikati ya mlango panang'aa, kwenye kona na mifereji ya nakshi weusi unabaki, na mabaka hayo anayejua samani huyaona akiwa bado hajavua viatu.

Juu ya mbao kuna ngozi nyingine, nayo ni ile vanishi ya kale. Samani nyingi nzuri za zamani zilipakwa shelaki. Hii hutokana na utomvu wa mdudu mdogo anayefugwa kwenye miti huko India na Thailand. Utomvu huo huyeyushwa kwenye spiriti, fundi akaupaka kwa kitambaa kilichokunjwa, tabaka baada ya tabaka, siku kadhaa. Ukitaka kuitambua, chukua pamba, itie tone la spiriti, gusa mahali palipojificha, kwa mfano nyuma ya mguu. Kama baada ya muda mfupi panaanza kunata, hiyo ni shelaki. Vanishi nyingi za siku hizi spiriti haizigusi kirahisi. Faida yake kubwa ni kwamba shelaki mpya hushikana na ya zamani, kwa hiyo palipochubuka panaweza kurudishwa bila kukwangua kabati zima. Anayekwambia lazima lianze upya anakuuzia kazi usiyoihitaji.

Ukitaka kujua umri wa kabati, uso wake usikushughulishe sana. Chomoa droo, au mtoto wa meza kama wazee wetu wanavyoita, uigeuze chini juu mbele ya dirisha. Hapo hakuna aliyepaka kitu wala kupamba, kwa kuwa fundi hakutarajia mtu aangalie. Tazama kona, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Kama meno yameingiana kama vidole vya mikono miwili, na meno hayo hayalingani, moja nene na jingine jembamba, basi yamekatwa kwa msumeno na patasi. Mashine hukata meno yaliyolingana yote. Pitisha kidole kwenye ubao wa chini: randa ya mkono huacha mawimbi madogo ambayo jicho laweza kuyakosa lakini kidole hakiyakosi. Mikwaruzo ya msumeno ikiwa imenyooka, msumeno wake ulikuwa wa kwenda na kurudi. Ikiwa ya upinde, ni wa duara.

Kisha skurubu. Hizi zimeniokoa mara nyingi. Hapa Dar kila kitu kizito na cheusi huitwa "cha Mjerumani", na dalali husema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Mjerumani aliondoka Dar es Salaam mwaka 1916. Skurubu yenye msalaba kichwani haikuwa sokoni hadi katikati ya miaka ya 1930. Ukikuta skurubu za msalaba zimeshika bawaba, moja kati ya mawili: kabati si la Mjerumani, au bawaba zimebadilishwa. Fungua moja utazame tundu. Kama kando yake kuna matundu mengine ya zamani yaliyozibwa, bawaba ndiyo ngeni. Kama tundu ni hilo moja tu, unajua la kumwambia dalali.

Wakati mwingine kabati lenyewe linajitambulisha. Samani za ofisi na nyumba za watumishi zilikuwa zikipigwa chapa mahali pasipoonekana. Ukikuta herufi E.A.R. & H. nyuma ya meza, hilo ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kugawanywa mwaka 1969. Herufi nne tu, na umri umeshabanwa kati ya miaka hiyo. Sasa fikiria msasa umepita hapo.

Na meza ya duara? Ipime kwa futi kamba mara mbili, mara ya kwanza kufuata nyuzi za mbao, mara ya pili kuzikata. Mbao hunywea upana, urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Meza iliyochongwa duara kamili ikakaa miaka mingi huwa yai kidogo. Vipimo vikilingana sawasawa, nakushauri uulize maswali zaidi.

Tabia hiyo ya mbao inaeleza pia kwa nini makabati ya kale hayakupasuka katika mji wa joto na unyevu kama wetu. Ushike ubao mpana wa katikati ya mlango, uusukume taratibu. Mara nyingi unacheza kidogo. Si ubovu. Fundi aliuingiza kwenye mfereji wa fremu bila kuutia gundi ili masika ukivimba upate nafasi, na kiangazi ukinywea usipasuke. Nimeona watu wakiupiga misumari ili "utulie", na mwaka haukuisha ubao ukapasuka katikati. Droo nazo zikigoma mwezi wa nne, usikimbilie randa. Ngoja mvua ziishe. Ukiiranda masika, Agosti itakuwa inacheza ndani kama jino bovu. Sugua kipande cha mshumaa kwenye njia zake, inatosha. Na kabati lililozoea upepo wa bahari ukilihamishia chumba chenye kiyoyozi kinachokesha, lipe nafasi mbali na kile kiyoyozi, la sivyo utasikia milio usiku.

Vidudu ndivyo vinavyowatisha wanunuzi wengi. Matundu madogo kama ncha ya pini hayana maana kabati limeoza. Mvule na msaji, kwenye moyo wa mti, haipendwi na vidudu hivyo. Kinacholiwa mara nyingi ni ukanda mweupe wa nje wa gogo ambao fundi hakuuondoa. La kujua ni kama vidudu bado vipo. Tandika karatasi nyeupe chini ya kabati, liache siku tatu bila kuligusa. Ukikuta unga mwepesi umedondoka, wapo, na kabati lisiingie ndani karibu na samani nyingine mpaka litibiwe. Karatasi ikibaki safi na matundu ni meusi ndani, hao walishaondoka zamani.

Mjini kwetu samani hizi zilikusanyikaje? Kwa njia nyingi. Pwani nzima ilikuwa na makasha ya njumu, yale masanduku yaliyopigiliwa misumari ya shaba kwa mapambo, mengi yakiwa yametoka India kwa majahazi. Neno almari tunalotumia kwa kabati lilipita India pia, likitoka kwa Wareno. Serikali ya kikoloni ilijaza mvule na mninga kwenye nyumba za maofisa Oysterbay. Upanga na Kisutu familia za Kihindi ziliweka makabati ya vioo ya kurithishana, na baada ya Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 wengi wao walihama nchi. Kabati zito si kitu cha kupandisha ndegeni. Ndiyo maana unaweza kulikuta leo Magomeni au Buguruni, kwenye chumba ambacho hakuna anayekumbuka lilifikaje, limepangwa madaftari ya shule na sufuria za shughuli.

Kasha la njumu linahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu mapya yanatengenezwa hadi leo, na mengine huchakazwa makusudi. Fungua kifuniko. Upande mmoja, mara nyingi kushoto, huwa na kijisanduku cha kuwekea vitu vidogo, na chini yake wakati mwingine droo ya siri. Kwenye kasha lililotumika kweli, mahali mkono unapoingilia pamelainika na kukolea, na harufu ya ndani haifanani na ya vanishi.

Hapa niseme na la sheria, kwa kuwa watu wamepata hasara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mabaki ya kale kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo havitoki nje ya nchi bila kibali. Makabati mengi ya majumbani hayajafika umri huo, lakini kama una shaka, au mteja anasema anasafirisha, nenda Idara ya Mambo ya Kale uulize kabla hujapokea hela. Kiti au sanduku lenye vipande vya pembe ya ndovu usilitoe hata kidogo bila ushauri wao. Biashara ya kimataifa ya pembe iliamuliwa kupigwa marufuku mwaka 1989.

Kuuza kwenyewe hakuna siri kubwa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Piga picha mchana, karibu na dirisha: mbele, mgongo, chini ya droo, kitasa, na kila jeraha. Kasoro uliyoionyesha mwenyewe haikupunguzii kama ile aliyoigundua mteja. Halafu andika historia yake, hata mistari minne: lilikuwa la nani, lilinunuliwa wapi, lilikaa chumba gani. Wenye hoteli na wasanifu wa nyumba wanaonunua vitu hivi huuliza hayo kabla ya kuuliza bei, na nimeshuhudia mteja akipandisha dau baada ya kusikia tu kwamba funguo za asili zipo. Siku ya kuhamisha, toa droo zote na milango inayotoka, lifunge blanketi, lisimame wima kwenye kirikuu. Makabati mengi huvunjikia njiani baada ya kunusurika miaka yote hiyo ndani.

Yule kijana wa Ilala aliuweka msasa kando. Tulilifuta kabati kwa kitambaa, bibi akatusimulia, mjukuu akawa anaandika kwenye simu: lilinunuliwa na marehemu babu kwa fundi wa Mtaa wa Gerezani, likahama nyumba tatu. Mnunuzi, mama mmoja, alifika Jumamosi. Alipiga magoti akautazama ule mstari mweusi, akauliza kama makopo bado yapo. Bibi akamtuma mjukuu uvunguni mwa kitanda chake. Yalikuwepo matatu, yenye kutu, la nne limepandwa mlonge nje. Mlonge ukahamishiwa kwenye ndoo, na yule mama mnunuzi hakukubali makopo yapakiwe pamoja na kabati; aliyapakata mwenyewe mpaka Msasani.